Vilima vya Shela na Maji ya Mtungini

BARAZA YA ALASIRI
Na Athmani Bwanakheri

Juma lililopita, katika siku za bamvua, mimi na ahli yangu tulitimiza azma ambayo tangu tuoane, miaka thelathini na mmoja sasa, tumekuwa tukiiahirisha kwa udhuru huu na ule: kutoka mjini Amu kwa miguu, kuushika ufuo wa Shela tangu mwanzo wake hata mwisho wake, na kufika Kipungani. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 12 za mchanga mtupu, bila ya kuhesabu zile 3 za kutoka mjini hadi Shela. Na sisi tuliozaliwa hapa aghalabu huujua ufuo huo kama mtu aijuavyo nyumba ya tajiri, yaani barazani tu, kwani tukishafika Shela huoga, tukatazama majahazi, tukarudi.

Safari hii haipangwi kwa saa ya ukutani, hupangwa kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi uwapo mchanga au mpevu, maji ya huku kwetu hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi za alasiri, hata mtu akitoka baada ya sala ya alfajiri huenda na maji yanayomfunulia njia, akikanyaga mchanga mbichi ulioshikana kama sakafu ya chokaa, na akifika Kipungani adhuhuri hungoja maji yale yale yaujaze mkondo wa mikokoni, dau lielee, limrudishe mjini. Aliyechelewa kwa usingizi atapandishwa na bahari kwenye mchanga laini, na huko kila hatua mbili ni kama moja.

Hapakuwa na mtu. Nyinyi mnaoishi Amu mtanifahamu nikisema kwamba jambo hili lilitushitua, kwa maana mji wetu ni wa vichochoro ambamo watu wawili wakikutana sharti mmoja ampishe mwenziwe, na mume na mke hupita humo wakiitikia salamu kila hatua kumi, wala asitimize mmoja wao neno alilotaka kumwambia mwenziwe. Kule, baada ya nyumba ya mwisho ya Shela kutupotea mgongoni, tulikuwa na bahari kuu mkono wa kushoto na vilima vya mchanga mkono wa kulia, mlakasa umetambaa kwenye miteremko yake, na mbele yetu kaa wakikimbilia mashimoni kabla hatujawafikia. Ulikuwa msimu wa maleleji, upepo umelegea, na mwenzangu, ambaye mjini husema kwa uchache, alisema njia nzima.

Kiasi cha saa nne na nusu tulitandaza kanga juu ya vijiti viwili vilivyotupwa na bahari, kwani kivuli kingine hakipo, tukala mahamri na tende. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Baba Salma," akasema, "nikiwa mtoto bibi yangu alinivusha Takwa pamoja na watu wa Shela kwenda kuomba mvua. Nilidhani twaiomba kwa ajili ya mashamba. Hata nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba bibi alikuwa akiviombea visima."

Takwa ni ule mji mgofu ulioko kisiwani Manda, ng'ambo ya mlango wetu, ambao wenyewe waliuacha karibu na mwisho wa karne ya 17 wakahamia Shela. Na miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuuhama ni kwamba visima vyao viliingiwa na chumvi. Hawa ndio mababu wa watu wanaovuka hadi leo kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo, na sidhani kwamba kumbukumbu yao ni ya bure. Walijua, kabla ya mhandisi yeyote kuja kutueleza, kwamba mvua inyeshayo juu ya vilima vya mchanga haitiririki ikapotea baharini, bali huzama, ikakaa chini kwa wepesi wake juu ya maji mazito ya chumvi, mfano wa mafuta juu ya supu. Na kwamba maji hayo matamu, ambayo visima vya nyuma ya Shela huyateka kwa ajili ya Shela na Amu, hayana hazina nyingine ila mchanga huo. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Pakichimbwa vyoo juu yake, najisi hushuka. Na pakijengwa na kusakafiwa, mvua hukosa pa kuingilia.

Nililipita makusudi jambo lililotukuta mapema, nalo ni waya. Si mbali na Shela tulikuta nguzo na waya vimeshuka kutoka kilimani hadi karibu na maji, na kijana mlinzi, mwenye adabu njema, akatuambia, "Shikamoo mzee, lakini huku kuna wenyewe." Tulishuka hatua chache, tukapita pale palipokuwa na unyevu wa bahari, naye akageuza uso wake, na mimi sikumlaumu, kwa kuwa alitumwa. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo baina ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma, na kijana yule, sawa na sisi, ni katika wenyewe hao.

Linaloniuma ni neno moja ninalolisikia katika mabaraza na hata katika afisi, kwamba huko nyuma ya Shela "ni mchanga tu, hapana kitu." Kwenye mchanga huo huo, mnamo 1812 au 1813 kwa hesabu za wanatarehe, majeshi ya Mazrui wa Mombasa na ya Pate yalishindwa na watu wa Amu, yakavikimbilia vyombo vyao na kuvikuta vimekwama kwa maji kupwa, na ni hofu ya kisasi cha vita hivyo iliyowafanya Waamu waombe himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Omani. Wazee wetu walihadithia kwamba upepo ulikuwa ukifukua mifupa vilimani miaka mingi baadaye. Basi pana makaburi hapo, na pana kisima cha mji mzima, na anayekata kiwanja juu yake, awe mgeni au mwana wa hapa hapa, anaipokea amana ya watu wasiopata kuulizwa. Nataka madiwani wetu na maafisa wa ardhi waende huko kwa miguu, siku ya bamvua, kabla ya kutia sahihi karatasi nyingine yoyote.

Kipungani tulifika adhuhuri, tukasali, tukapewa maji na mama mmoja aliyekuwa akisuka mkeka chini ya mwembe, wala hakuuliza tumetoka wapi mpaka tulipokwisha kunywa. Maji yalipojaa tukapanda dau, tukapita kati ya mikoko, tukaiacha Matondoni, na jua lilipokuchwa tulikuwa gatini.

Nyumbani mwenzangu alikung'uta buibui lake penye kiwanda cha ndani, mchanga ukaanguka sakafuni kwa mlio mdogo. Kisha akachukua kata, akaitia mtungini, akanipa mimi kwanza, naye akanywa baadaye, taratibu, akiwa bado amesimama.