Asiyekubali Kushindwa

Wako wasemao kwamba Joe Doherty alitendewa haki Marekani, kwa kuwa shauri lake lilipita mahakama nyingi. Hoja hiyo yapotosha.

Doherty, mpiganaji wa IRA, alitoroka gereza la Crumlin Road, Belfast, tarehe 10 Juni 1981, pamoja na wenzake saba. Siku mbili baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha, naye hayupo, kwa mauaji ya Kapteni Herbert Westmacott wa jeshi la Uingereza. Akakamatwa New York mwaka 1983.

Uingereza ilimtaka. Desemba 1984 Jaji John Sprizzo aliamua kwamba kosa lile lilikuwa la siasa, na mkataba haukuruhusu mtu wa kosa hilo kurudishwa. Shauri lingalikwisha hapo. Lakini serikali ya Marekani, iliposhindwa mlangoni, ilipitia dirishani: ilishika sheria ya uhamiaji, ikamnyima dhamana, na mwaka 1986 mkataba ukabadilishwa. Hata ombi lake la kupelekwa Jamhuri ya Ayalandi lilikataliwa. Februari 1992 alirudishwa Belfast, baada ya kufungwa karibu miaka tisa katika nchi ambayo mahakama zake hazikumtia hatiani kwa kosa lolote.

Damu ya Westmacott si maji, na kuitetea haki ya Doherty si kuisifu bunduki. Lakini sheria haikuwekwa kwa wapendwao tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na serikali isiyokubali kushindwa mbele ya jaji wake yawafundisha wenye bunduki kuidharau mahakama.