MASHINE YA KUVUNA NA UHAI WA MBEGU

Likitajwa jina la Moshi, wananchi wengi wa visiwani hukumbuka kahawa na theluji ya Kilimanjaro. Wakulima wetu wa mpunga wana sababu nyingine ya kuukumbuka mji huo. Huko bondeni, katika vijiji vya Mabogini, Chekereni na Oria, ndiko ulikokamilishwa mwaka 1987, kwa msaada wa Japani, mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini. Chuo cha kilimo cha KATC kilichoanzishwa hapo mwaka 1994 kilikuja kushirikiana na Chuo cha Kizimbani, kuanzia mwaka 2007, katika kuwafundisha wakulima kilimo bora cha mpunga. Kwa hiyo yanayotokea katika mashamba ya Moshi yanatuhusu na sisi.

Leo tunataka kuzungumzia mashine ya kuvuna. Kazi ya mundu na ya kupiga mashuke juu ya turubali inazidi kuachiwa kombaini, mashine inayokata na kupura kwa pamoja. Hatuna ugomvi nayo. Mpunga uliokomaa haungoji vibarua wapatikane, wala ndege hawangoji ruhusa. Upande wa magharibi wa mlima, katika Wilaya ya Siha, ngano na shayiri zimezoea mashine kwa miaka mingi. Tunalolikataa ni mbegu kuvunwa kama chakula.

Punje ya chakula ikipasuka hupikwa, ikaliwa. Mbegu ni kitu chenye uhai, na ndani yake mna kiini kidogo ambacho kikipigwa hufa. Ngoma ya kupuria huzunguka kwa kasi na kuigonga kila punje ipitayo. Mwenye mashine hulipwa kwa eka au kwa gunia, basi hupenda ngoma yake iende mbio. Malipo ndiyo yanayomfundisha haraka.

Madhara haya huonekana wazi zaidi kwenye maharage. Nyanda za Kilimanjaro na Arusha zimelima kwa miaka mingi maharage ya mbegu, mengine ya kupelekwa Ulaya, na kituo cha utafiti cha Lyamungu kiliyapa majina yake maharage ya Lyamungu 85 na Lyamungu 90. Kiini cha haragwe kiko ukingoni, chini ya ganda jembamba. Unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 12, haragwe hupasuka kwa pigo dogo. Ukiwa mwingi mno, hupondeka. Lakini linalodanganya zaidi ni haragwe lililopata ufa usioonekana kwa macho. Litaota, mche utoke kipara, bila kichipukizi cha juu, na usimame hapo hapo. Wakulima wa kahawa wa mlimani hawahitaji kuambiwa jambo hili: kahawa ya mnadani huimenya kwa mashine, ya kitaluni huimenya kwa mkono.

Mpunga una ganda gumu, hata hivyo haukusalimika. Ukiachwa shambani ukauke mno, kisha ukapata umande au mvua, punje hupasuka kwa ndani, na ngoma huzivua nyingine maganda. Mpunga wa mbegu yafaa ukatwe ungali na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, upurwe kwa mwendo wa pole, kisha ukaushwe taratibu hadi kiasi cha asilimia 12 au 13. Tena mashine iliyotoka shamba la jirani hubaki na punje za huko tumboni mwake. Isiposafishwa, aina mbili huchanganyika, na mbegu safi ya jana leo si safi tena.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa ziada. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kila ufa ni mlango wa ukungu. Gunia lililofaulu kipimo huko bara laweza kukaa ghalani Unguja au Pemba miezi michache tu likapoteza nguvu. Cheti husema kweli ya siku ya kupima. Anayepanda masika na mbegu isiote hana masika nyingine mwaka huo.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 imewapa wakaguzi wa TOSCI kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu huko bara. Tunaomba wasiishie kutazama shamba. Waitazame na mashine, kasi ya ngoma yake na usafi wake, kabla haijaingia katika shamba la mbegu. Lakini kilimo si jambo la Muungano. Wizara yetu isitegemee macho ya wengine, bali ipime upya mbegu zinapoteremka bandarini, na mara nyingine kabla ya kugawiwa.

Mkulima naye ahesabu punje 100, azifunge katika kitambaa chenye maji, na baada ya siku kumi ahesabu miche iliyo mizima, si kila kilichochomoza. Akiona nyingi zimekufa, arudishe gunia kwa aliyempa kabla ya kupanda, na bwana shamba wa eneo lake aende pamoja naye.