Koo za Mimea Si Orodha ya Kukariri

Mwanafunzi akariripo majina ya koo za mimea kwa ajili ya mtihani tu, hupoteza chombo ambacho kingemsaidia mzazi wake shambani.

Mfano mmoja watosha. Kiduha, Striga hermonthica, ni gugu lenye maua ya rangi ya waridi linalosumbua mashamba ya nafaka katika Kanda ya Ziwa. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya zao na kufyonza maji na chakula. Mkulima wa Tarime aliyevuna mahindi machache huenda akaamua kupanda mtama au ulezi, akiamini kwamba amebadilisha zao. Kwa kipimo cha botania hakubadilisha kitu: yote matatu ni ya ukoo wa nyasi, Poaceae, pamoja na majani yanayoliwa na nyumbu huko Serengeti. Kunde na soya ni za ukoo mwingine, Fabaceae, ambao migunga nayo imo. Humo kiduha hiki hakipati mwenyeji. Mizizi ya baadhi ya mikunde hata huziamsha mbegu zake, zikaota na kufa.

Ukoo, hata hivyo, si hati ya usalama. Mnavu huliwa na ndulele ina sumu, ilhali zote ni Solanaceae. Wala ukoo si amri isiyobadilika: kiduha kilihesabiwa zamani miongoni mwa Scrophulariaceae, na uchunguzi wa DNA ukakihamishia Orobanchaceae, ambao karibu wote ni mimea nyonyaji.

Mipaka nayo ichorwe sawasawa. Kuvumwani, vile vimea vya kijani vitandavyo juu ya mawe yenye unyevu, ni mimea isiyo na maua. Uyoga si mmea kamwe: hauna klorofili, na kuta za seli zake zina kitini. Ndiyo maana R. H. Whittaker, mwaka 1969, aliipa kuvu himaya yake yenyewe.

Yafaa basi kila shule ya sekondari ya wilaya hizi mbili iwe na mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, kila mmoja ukiandikwa jina la Kikurya au Kiikoma, la Kiswahili na la kisayansi, pamoja na ukoo wake. Kisha mwalimu asiulize tu, "Huu ni ukoo gani?" Aulize pia, "Ukoo huu watuambia nini kuhusu shamba la mwakani?"