Masafa ni Mali ya Umma

Masafa yabebayo sauti za simu ni mali ya umma kama ilivyo ardhi. Hakuna kampuni iliyoyaumba. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliyanadi kwa zaidi ya dola milioni 180, na wako waliopiga makofi. Lakini mkulima wa korosho aliye bondeni mwa Ruvuma, chini ya mwinuko wa Makonde, hapigi simu kwa dola za mnada. Miongoni mwa yaliyonadiwa yamo ya megahezi 700, yafikayo mbali, na kwa hiyo yawafaayo hasa wanavijiji. Kisha Mei 2023 ikatiwa saini mikataba ya minara 758 vijijini, kwa ruzuku ya Serikali. Umma umeuza, kisha umelipia! Leseni na zitaje kata kwa majina, za Newala na Masasi zikiwemo, pamoja na tarehe ya mnara kusimama. Kampuni itakayozembea inyang'anywe masafa.