Mchina kasingiziwa, puli ndiyo iliyoua

Leo nilitakiwa niwe nabukua, testi ni keshokutwa, lakini nina hasira na nisipoitoa hapa sitasoma hata ukurasa mmoja.

Mzee anayetuzibia pancha nje ya geti kafunga kibanda. Pampu mpya ya kompresa, laki nne na nusu, tena hela ya kukopa kwenye kikundi, imekufa ndani ya wiki 3. Nikauliza kulikoni, kijiwe kizima kikanijibu neno moja: "Mchina!" Na aliyelitamka kwa sauti kuliko wote ni fundi mwenyewe aliyeifunga.

Sikubaliani. Nimeinama, nimeichungulia ile mashine. Pampu haikuwa feki. Imeuawa.

Twende kwenye namba, maana namba hazina undugu na mtu. Mota yake imeandikwa mizunguko 2,850 kwa dakika. Puli ya mota ina kipenyo cha milimita 100. Pampu ya zamani ilikuwa na gurudumu la milimita 300. Zidisha 2,850 kwa 100, gawanya kwa 300, unapata 950. Ndivyo ilivyokuwa inazunguka na ikadumu miaka. Pampu mpya imekuja na gurudumu la milimita 250, na kwenye kibati chake imeandikwa isizidi 800. Fundi kaacha puli ileile! Piga hesabu tena: 1,140. Zaidi ya asilimia 40 juu ya uwezo wake.

Hapo lazima iungue. Joto linapanda, oili inakuwa nyepesi kama maji, valvu zinashika masizi, ringi zinakwisha. Mota nayo inaelemewa. Dawa ilikuwa kuzidisha 800 kwa 250, kisha kugawanya kwa 2,850. Jibu ni puli ya milimita 70. Basi! Kitu ambacho bei yake haifiki hata robo ya pampu.

Kuna watakaosema "lakini ikienda kasi inajaza haraka". Kweli, wiki ya kwanza Mzee alikuwa anacheka, tangi linajaa fasta. Kicheko hicho ndicho anachokilipia sasa. Wengine watasema basi tufunge puli ndogo kuliko zote tuwe salama. Hapana. Pampu nyingi za aina hii zinalainishwa kwa oili inayorushwa na kijiko cha chini; zikienda polepole mno, oili haifiki juu. Na wale wa mota za mitumba mjihadhari: mota ya Marekani iliyoandikwa 1,750 ni ya umeme wa hezi 60. Wetu ni hezi 50, hapa Mwanza itazunguka kama 1,450 tu. Hesabu inabadilika.

Sasa mnisikilize vizuri. Simlaumu fundi peke yake. Hii ni hesabu ya darasa la saba. Siku anaifunga nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi natafuna muhindi wa kuchoma. Kibati nilikiona. Sikukisoma, nikajiambia hayo mambo ya grisi hayanihusu mimi msomi. Wangapi tumepita pale tukajaziwa upepo, tukaondoka na vitabu vyetu kwapani? Tunasubiri ajira za ofisini mjini, wakati mzee wa watu anaangamia kwa kukosa mtu wa kumzidishia na kumgawanyia.

Jana kaniuliza, "Mjukuu wangu, kikundi nitawaambia nini Jumapili?" Sikuwa na jibu. Nimemwambia Jumamosi tunaenda wote mjini kutafuta ringi, valvu na hiyo puli ya 70. Futikamba naibeba mimi.

Na wewe mdau, kabla hujamlipa fundi muulize, "Pampu hii mwisho wake mizunguko mingapi?" Akikujibu "we acha tu, itazunguka", chukua hela yako uondoke.

Ngoja nikasome sasa.