Kahawa ya Sh620 mlimani Korea: Theluji inapendeza, lakini vijana wako wapi?

Wasee, tuanze na bei. Kikombe kimoja cha kahawa, won 7,000. Ukipiga hesabu ya haraka, hiyo ni kama Sh620. Ukutani kulikuwa na ubao mdogo, maandishi ya Kikorea juu, na chini yake kwa herufi ninazozijua: Kenya AA.

Nilikuwa nimeketi kwenye kafe mjini Taebaek, milimani mashariki mwa Korea Kusini. Viatu tuliviacha mlangoni. Sakafu ilikuwa ina joto, maana Wakorea tangu zamani hupasha nyumba moto kutoka chini, na miguu yangu iliyokuwa imeganda ikaanza kurudi duniani. Nje theluji ilikuwa inaanguka kama unga unaochekechwa. Mezani kulikuwa na mayai, mkate wa kukaanga na siagi, na supu nzito ya viazi. Huo ndio wanaita branchi, ule mlo wa watu wanaoamka saa nne.

Najua unajiuliza nilifikaje huko. Dadangu anasoma Seoul kwa ufadhili wa serikali ya Korea. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikaingia kwa kazi za mtandaoni, na kwa miaka miwili nikaweka akiba ya tiketi. Lakini sikwenda kupiga picha tu. Nina mpango wa siku nyingi wa kufungua kafe karibu na Karatina, kwetu, yenye mandhari ya mlima na branchi ya wikendi. Shosho alikuwa amekubali kuuza robo ekari yenye miti ya kahawa ili nipate mtaji. Nilitaka kuona wenzetu wanafanyaje. Kama kafe inaweza kusimama kwenye mji mdogo wa mlimani Korea, mbona isisimame Karatina?

Basi tukapanda treni Seoul, ile ya kawaida, si ya kasi. Zaidi ya saa tatu. Njiani tulipita Sabuk, mji uliokuwa wa makaa ya mawe. Leo una kasino, iliyofunguliwa mwaka 2000, na ndiyo pekee nchini humo ambayo raia wa Korea wanaruhusiwa kisheria kucheza kamari. Dadangu alinionyesha mabango ya maduka ya rehani. Watu hufika na gari, wakaliacha hapo na kurudi nyumbani kwa basi. Niliwaza vijana wa mtaani kwetu na mikeka yao ya kubeti, nikanyamaza.

Taebaek nayo ilikuwa mji wa makaa. Miaka ya themanini ilikuwa na watu kama 120,000. Leo hawafiki 40,000. Mwaka 1989 serikali ilianza kufunga migodi isiyokuwa na faida, kwa sababu nchi ilikuwa inahamia mafuta na gesi. Familia zikafunga virago. Mgodi mkubwa wa Jangseong, uliofunguliwa 1936, ulivumilia hadi mwisho wa Juni 2024 ndipo ukafungwa. Mwezi huo, kama unakumbuka, Rais Ruto alikuwa ameenda Seoul kwa kongamano la Korea na Afrika, na wiki chache baadaye sisi tulikuwa barabarani tukipinga Mswada wa Fedha. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, mgodi wa mwisho wa serikali, ule wa Dogye huko jirani, nao ukafungwa. Kwa hivyo hii si hadithi ya babu zao. Ni ya juzi.

Mwenye kafe ni dada wa miaka thelathini hivi. Nyumba ilikuwa ya babu yake, mchimba migodi. Mlangoni ameweka tofali moja la makaa, lile la mviringo lenye mashimo 22 ambalo Wakorea walikuwa wakipikia na kuotea moto. Sasa ni pambo, wageni wanapiga nalo selfi. Yeye alikwenda Seoul kusoma, akafanya kazi ofisini, akachoka na kodi ya chumba, akarudi.

Nilimuuliza, dadangu akitafsiri, kama biashara inalipa. Alicheka kwanza. Januari inalipa, akasema. Watu wanakuja kuona theluji kwenye mlima Taebaeksan, wanaingia hapa na baridi yao. Agosti pia si mbaya, kwa sababu Seoul inachemka na huku juu kuna hewa. Lakini Aprili?

“Aprili nahesabu vikombe,” alisema. “Siku nyingine ni vitatu. Kimoja ni changu.”

Alifungua Alhamisi hadi Jumapili tu. Mfanyakazi hana, ukiacha mama yake anayepika ile supu. Marafiki aliosoma nao shule ya msingi hapo mjini? Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja waliobaki, na vidole vikasalia.

Hapo ndipo mpango wangu ulianza kuyumba. Ukiangalia picha za hiyo kafe mtandaoni, utadhani ni ushahidi kwamba mji umefufuka. Ukikaa ndani unaona kitu kingine. Mgodi ulikuwa unalipa mshahara kila mwezi, masika na kiangazi, kwa maelfu ya watu. Na ulikuwa unaua pia, tusiupambe. Mapafu ya wazee wengi wa huko yaliharibiwa na vumbi. Lakini ulishikilia shule, duka la viatu, kinyozi, fundi wa baiskeli. Kafe inamshikilia mtu mmoja na mamake, tena kwa miezi michache.

Na si kwamba serikali yao imekaa tu. Walijaribu kasino, ukaona mabango ya rehani. Mji wa Taebaek wenyewe ulijenga kituo cha kifahari cha kuteleza kwenye theluji, kikafunguliwa 2008, deni likaukaba mji koo hadi kampuni binafsi ikakinunua mwaka 2016. Sasa ni zamu ya kafe, nyumba za wageni na tamasha la theluji. Yote haya yanamtegemea mgeni kutoka mjini mwenye pesa na wikendi. Wageni wenyewe wanapungua kuzaliwa. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi Korea kilikuwa 0.72, yaani hata mtoto mmoja kwa kila mwanamke hakifiki. Zaidi ya nusu ya Wakorea wote wamejazana Seoul na viunga vyake. Kwa nchi nzima kulikuwa na maduka ya kahawa zaidi ya 100,000 kufikia mwisho wa 2022. Kila mtu aliyekosa kazi anafungua kafe, na kila kafe inamngoja yule yule mteja.

Inakukumbusha nini? Mimi ilinikumbusha maduka ya M-Pesa matano kwenye jengo moja, na bodaboda ishirini zikimngoja abiria mmoja.

Sasa turudi kwenye kikombe changu. AA si jina la mahali, ni ukubwa wa punje tu, zile kubwa. Kadi ilisema ina ladha ya tunda chachu na nyanya. Haikusema Nyeri, haikusema Kirinyaga, haikusema mtu. Nilichukua simu nikapiga hesabu pale pale. Kahawa huhitaji karibu kilo sita au saba za matunda mabivu kutoa kilo moja ya punje mbichi. Kwa hiyo kilo moja ya matunda, ile ambayo shosho hubeba hadi kiwandani na kushukuru Mungu ikilipwa zaidi ya Sh100, inatoa kama vikombe sita vya pale Taebaek. Sita mara 620. Ni Sh3,720.

Nilikuwa tayari kumkasirikia mwenye kafe. Kisha nikaangalia huku na kule. Yeye hununua kahawa ikiwa tayari imekaangwa Seoul. Analipa stima, gesi, maziwa. Aprili anahesabu vikombe. Pesa haikai kwake pia. Ile kubwa imebaki njiani, kwa wanaokagua, wanaosafirisha, wanaokaanga na kufunga kwenye pakiti nzuri. Hizo ndizo kazi ambazo vijana wa Karatina wangezifanya bila kupanda ndege, na ndizo tunazoziacha ziende zikiwa ndani ya gunia.

Hebu tofautisha. Taebaek ilipoteza kitu kilichokuwa kinailisha, ndipo ikaanza kuuza mandhari. Haikuwa na chaguo, makaa yalifungwa kwa amri. Sisi kitu kinachotulisha bado kiko shambani, na tunataka kuking'oa kwa hiari yetu ili tujenge mahali pa kupigia picha. Kote Kiambu tumeona mashamba ya kahawa yakigeuka mitaa ya nyumba. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuongeza robo ekari kwenye hiyo orodha.

Sisemi msifungue kafe. Yule dada alinilisha vizuri na supu yake ya viazi ingemfanya mtu wa Nyandarua anyamaze kwa heshima. Nasema kafe ni paa. Kwanza uliza ukuta uko wapi. Na serikali za kaunti zinazotuahidi utalii kila msimu wa kura ziulizwe hilo hilo: Aprili itakuwaje?

Jioni nilimpigia shosho. Huko kwetu ilikuwa mchana, alikuwa anapalilia. Nikamwambia asiuze ile robo ekari, nitatafuta kwanza mahali pa kujifunza kukaanga kahawa. Akauliza huko nimekula nini, kama nimevaa vizuri. Kisha nikamwambia bei ya kikombe.

Alinyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika.

“Sasa mume wangu,” akasema, “huyo anayekunywa ya mia sita, huwa anajua ni mimi?”

Nilimwambia hapana. Akasema basi nikirudi nimwandikie jina lake kwenye karatasi, vizuri, kwa herufi kubwa.