Mzazi aliyetoka kuugua, mtoeni kidogo na watoto

Mzazi akiruhusiwa kutoka hospitali, ndugu na majirani humshukuru Mungu, simu hupigwa, na wageni huanza kumiminika. Kila anayeingia anasema pole, kila anayekaa anauliza ilianzaje, na hakosekani mmoja wa kusema, "Lo, umekonda!" Mwingine humkumbuka mtu wa mtaani kwao aliyeugua ugonjwa huo huo, akaanza kusimulia, na akifika katikati ndipo anagundua kwamba mwisho wa habari hiyo haufai kusemwa mbele ya mgonjwa.

Watoto nao siku hizo husikia neno moja asubuhi hadi jioni: nyamazeni. Baba amelala. Mama anapumzika. Punguzeni televisheni. Ni agizo la lazima, maana anayetoka kuugua anahitaji usingizi. Lakini mwezi ukipita, mzazi ameshaanza kula vizuri na kutembea hadi getini, huku watoto bado wanapita mlangoni kwake kwa kunyata. Wamezoea kuwa na mgonjwa ndani, na hakuna aliyewaambia waache lini.

Wiki hii tuzungumzie kipindi hicho cha katikati, mtu akiwa haumwi tena lakini hajapona sawasawa. Kuna dawa moja ndogo ambayo haiandikwi kwenye cheti cha daktari: safari fupi ya gari, familia nzima, kwenda mahali penye hewa nzuri na kitu cha kutazama. Sisi tuliijaribu Julai mwaka jana, baada ya mume wangu kuugua nimonia na kulazwa siku tisa.

Kipupwe kina neema yake

Tunaishi Tanga mjini. Masika yakishapita, kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe hupunguza joto hata huku kwetu pwani. Milimani ndiyo baridi yenyewe. Mtu aliyekaa wiki nyingi chumbani akitazama feni anaweza kusafiri wakati huu bila jua kumchosha. Tukachagua Lushoto, kwenda na kulala usiku mmoja.

Mume wangu alikuwa amerudi kliniki, kifua kimesikilizwa, ameruhusiwa kusafiri kwa masharti matatu: asiendeshe, asibebe mizigo, avae nguo za kumkinga na baridi. Sharti la tatu halikumsumbua. La kwanza lilimuuma, kwa sababu gari lile ameliendesha yeye tangu tulinunue. Hadi tunafika Segera, kila lori lililotutangulia, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Hatukuondoka alfajiri kama tulivyozoea. Tuliondoka saa tatu asubuhi, ameshakunywa uji na dawa. Tukasimama Muheza kununua machungwa, maana huo ndio msimu wake. Tukasimama tena Korogwe, akashuka, akatembea taratibu kama dakika ishirini. Mashamba ya mkonge yalianza kupita dirishani, mistari imenyooka kama ya daftari, na upande wa kulia Milima ya Usambara ikawa inasogea karibu.

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu ya Arusha na kukata kulia. Pale chini kuna joto, vioo tulikuwa tumevishusha. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 za lami, na katika hizo unapanda karibu mita 1,000. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mto uko bondeni, na kona zinafuatana hivi kwamba dereva mwenye akili hupiga honi kabla ya kuingia kila moja. Unapita migomba, mahindi yaliyopandwa kwenye miteremko, mikaratusi, nyumba zilizoshikilia mlima utadhani zimegandishwa. Kila baada ya kona chache hewa inabadilika. Kabla ya Soni, ambako maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani, tulikuwa tumepandisha vioo na kutoa masweta.

Alichouliza mtoto

Katika kona hizo, kabla ya Soni, kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, aliuliza swali ambalo kwa wiki sita hakuliuliza sebuleni.

"Baba, kule hospitali ulikaribia kufa?"

Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Macho yangu yalikuwa barabarani, sikutia neno. Baba yake alikaa kimya kidogo, kisha akamjibu bila kugeuka.

"Niliumwa sana, mwanangu. Kuna usiku mmoja niliogopa. Madaktari na manesi wakanitibu, dawa zikafanya kazi. Sasa nina nafuu, lakini nguvu hazijarudi zote. Ndiyo maana mama anaendesha."

"Zitarudi lini?"

"Kidogo kidogo. Labda mwezi huu, labda ujao."

"Sasa tukipiga kelele hutaumwa tena?"

"Kelele hazileti nimonia. Pigeni tu. Nikichoka nitawaambia."

Baada ya hapo kifungua mimba, binti wa miaka kumi na minne ambaye tangu Tanga alikuwa na vidude vya muziki masikioni, akasema: "Mimi usiku nilikuwa naamka nasimama koridoni, nasikiliza kama unakohoa. Ukikohoa narudi kulala."

Baba yake akapeleka mkono nyuma ya kiti. Binti akaushika, tukapanda kona kadhaa hivyo hivyo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mtoto mdogo asipoelezwa ugonjwa umetoka wapi hujitafutia sababu, na mara nyingi sababu anayoiona ni yeye mwenyewe: alipiga kelele, alikuwa mtundu, aliambiwa anyamaze akachelewa kunyamaza. Wa kwetu alikuwa ameibeba nimonia ya baba yake kwa wiki sita kana kwamba ni kosa lake. Mkubwa naye alikuwa na zamu ya usiku ambayo hakupangiwa na mtu.

Kwa nini walisema garini? Nadhani ni kwa sababu garini hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Wote mnatazama mbele. Ukiuliza jambo zito, unaweza kulifuata na "ona lile lori" na hakuna atakayeshangaa. Hakuna mgeni atakayebisha hodi, hakuna anayeondoka katikati ya mazungumzo. Na mzazi aliyekaa pale mbele amevaa shati lake la kutokea, ameshika chungwa. Mtoto anamwona baba, ilhali chumbani alikuwa akimwona mgonjwa.

Mwendo ni wa aliyeugua

Kesho yake tulikwenda Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na unaiona tambarare yote chini. Asubuhi ilikuwa ukungu mtupu. Tukasubiri hadi ulipoanza kupanda, ndipo tukatembea kwenda ukingoni. Mume wangu alisimama mara mbili kuvuta pumzi, na watoto wakasimama naye bila kuambiwa. Kule chini yalionekana mashamba ya mkonge na barabara kuu tuliyopita jana, malori yakitambaa kama siafu. Mdogo alitaka kujua lipi ndilo lile lililokuwa linazuia njia. Baba yake akamwonyesha moja, na wakabishana.

Kama nanyi mna mgonjwa aliyepata nafuu, haya ndiyo ninayoweza kuwashauri.

Kwanza, muulizeni daktari, na muulizeni mgonjwa mwenyewe. Aliyeugua nimonia anaweza kubaki na uchovu kwa wiki nyingi baada ya homa kwisha, na kwa baadhi ya watu hufika miezi mitatu. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye saa. Akisema turudi, mnarudi, hata kama mlishalipia chakula cha mchana.

Pili, simameni njiani. Mtu aliyelala kitandani muda mrefu, na hasa aliyefanyiwa upasuaji, yuko katika hatari zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu akikaa bila kujongea. Kila saa moja au mbili ashuke, atembee, anywe maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, safari imeishia hapo. Nendeni hospitali iliyo karibu.

Tatu, asiendeshe kabla daktari hajamruhusu. Dawa nyingi za maumivu makali, baadhi ya dawa za mafua, na hata vidonge vya kuzuia kutapika safarini huleta usingizi. Mkanda avae kama wengine wote. Kama ana mshono tumboni, mwekee mto mdogo au kanga iliyokunjwa kati ya mkanda na mshono.

Nne, mahali pa kwenda pafanane na ugonjwa. Baridi iliyompendeza mume wangu inaweza kumletea maumivu makali mwenye selimundu, kwa kuwa baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu hayo. Huyo mpelekeni penye joto la wastani, avae vizuri, na chupa ya maji isimtoke mkononi. Mwenye moyo au kifua kisichokaa sawa asipandishwe mlima bila ushauri wa daktari.

Tano, dawa zipande gari kabla ya watu. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, msizifungie buti, pamoja na cheti cha hospitali na kadi ya bima. Anayetumia dozi ndefu, kama ya kifua kikuu, asiruke hata siku moja kwa kisingizio cha matembezi.

Watoto wanaochefuka kwenye kona wale chakula chepesi, watazame mbali nje ya dirisha, na simu ziwekwe mfukoni hadi mfike. Simu ikiwa mkononi hawatatapika peke yake, hawatazungumza pia.

Bila gari je?

Najua mnaoniandikia mtasema: sisi hatuna gari. Gari la shemeji linaweza kuazimwa kwa siku moja mkijaza mafuta. Familia mbili zinaweza kuchanga zikakodi Noah. Hata basi linafaa, mkiwahi viti vya mbele na kuchagua siku isiyo na msongamano.

Wala si lazima iwe Lushoto. Wa Moshi wana njia ya kupanda Marangu. Wa Mbeya wana barabara ya Tukuyu, chai na migomba mpaka macho yachoke. Wa Iringa wana Mufindi, wakumbuke makoti. Wa Dar es Salaam wanaweza kwenda Bagamoyo wakatazama bahari na kurudi kabla ya giza. Na ambaye nguvu zake bado haba, nusu saa inatosha: hadi kwenye kilima cha karibu, mkasimamisha gari, mkala mahindi ya kuchoma, mkageuza.

Fedha zikiwa hazipo kabisa, bebeni kiti na kukiweka chini ya mti mbali kidogo na nyumba, mkakaa wote mkitazama upande mmoja. Kinachotakiwa ni mzazi atoke kwenye kile chumba, watoto wawe karibu naye, na wawe na nafasi ya kuuliza. Wakiuliza, wajibuni ukweli unaolingana na umri wao. Waambieni ugonjwa ulikuwa nini, waambieni haukuletwa na kelele zao wala utundu wao, na waambieni ni kitu gani mzazi bado hawezi kufanya.

Kipupwe hakidumu. Vuli ikikaribia, joto linarudi na barabara za milimani zinaanza kuteleza. Kama nyumbani kwenu kuna aliyepata nafuu, muulizeni leo jioni angependa kuona nini, kisha chagueni siku. Kiti cha mbele ni chake.